Pasi ya Idi na Betri za Mama Naomi

Feni ya dari iliendelea kuzunguka kwa mazoea, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kompyuta zote tatu zilikuwa zimezimika. Naomi alibaki na vidole juu ya vibonye, na wenzake wawili, Lea na Elizabeti, wakatazamana. Mama yake, Devotha Ngeleja, ambaye mtaa wote wa Magomeni ulimwita Mama Naomi, alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akichambua mchele. Aliweka ungo chini, akausikiliza ule ukimya.

Sebule ya nyumba hiyo, hapo Kilosa mjini, ilikuwa imegeuka ofisi pole pole, bila mtu kuamua iwe hivyo. Naomi alikuwa mpokeaji wageni katika kambi moja ya watalii huko Mikumi. Mama yake alipovunjika mguu, alirudi nyumbani kumuuguza, akamwomba mkuu wa kambi, Bwana Mathayo, amruhusu kupokea maombi ya wageni kwa kompyuta akiwa Kilosa. Bwana Mathayo alikubali kwa majaribio. Mguu ukapona, kazi ikaongezeka, na Naomi akawaita Lea na Elizabeti, wanakwaya wenzake, wamsaidie. Makochi yalihamishiwa ukumbini. Picha ya marehemu baba yake Naomi ilibaki ukutani, ikiwatazama wasichana watatu wakiwapangia watu wa mbali mahema ya kulala.

Siku hiyo umeme ulipokatika, Naomi alikuwa akiiandikia familia moja ya Iringa hema la mwisho lililobaki. Jina halikuwahi kuingia. Mtu wa kambini aliliona hema bado liko wazi, akawapa wasafiri wengine. Jioni familia mbili zilikutana mlangoni pa hema moja, kila moja na mizigo yake na watoto wake wenye usingizi, na ilibidi watu wa kambi wahame chumba chao ili wageni wapate pa kulala.

Bwana Mathayo hakugomba. Alipiga simu kesho yake, na kwa sauti ya upole ambayo Naomi aliiogopa kuliko makaripio, alieleza kwamba msimu mkubwa wa wageni huanza masika yanapokwisha. Kabla ya hapo alitaka kuona kama kazi hiyo inaweza kukaa Kilosa. Kama haiwezi, ataihamishia Arusha, kwa watu wenye ofisi na jenereta.

Devotha aliyasikia hayo kutoka jikoni na kuyapima. Kazi ikiondoka, Lea atarudi Lumuma kwenye shamba la vitunguu la baba yake, na Elizabeti atarudi kukaa dukani kwa shangazi. Naomi je? Naomi atakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, kama vijana wote wanavyokwenda, na atapiga simu Jumapili baada ya ibada. Devotha aliishi katika nyumba hiyo tangu alipokuwa msichana mgeni kazini, ameifahamu ikiwa na watu na ikiwa tupu, na hakuwa tayari kuifahamu tena ikiwa tupu.

Wasichana walishauri kununua jenereta. Devotha aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Jenereta huamshwa umeme ukishakatika," alisema. "Wakati huo jina la mgeni limekwisha kupotea. Sisi tunataka kitu ambacho hakilali."

Lea alicheka, akauliza kama mama anafikiria mchawi.

"Betri," alisema Devotha.

Hakulisema neno hilo kwa kubahatisha. Ujana wake aliumalizia kwenye mitambo ya simu ya mji huo. Aliletwa Kilosa kutoka kwao Shinyanga akiwa opereta, kuketi mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, visikilizio masikioni, akiunganisha watu wa mashamba ya mkonge na watu wa Morogoro, na wagonjwa na ndugu zao. Nyuma ya chumba chake kulikuwa na chumba kingine chenye harufu kali ya tindikali, na ndani yake betri kubwa zilizopangwa kama mitungi. Umeme wa mji ulipozimika, simu ziliendelea kuita kana kwamba hakuna kilichotokea. Msimamizi wa chumba hicho alikuwa Mzee Beda, mtu mkimya aliyevaa viatu vya mpira hata Jumapili. Alikuwa na sheria moja: betri za simu ni za simu. Taa haikuchota humo, wala pasi, wala redio. Siku moja ya mpira wa timu ya taifa, umeme ukiwa umekatika, wafanyakazi walimwomba awape waya mmoja tu wa redio. Alikataa. Wakamwita bahili, na jina hilo likamfuata hadi alipostaafu. Hata Devotha alimwita hivyo, moyoni.

Sasa, akiwa na mvi, alianza kufanya yale aliyomwona Mzee Beda akiyafanya. Kwanza aliviuliza vyombo vyenyewe vinakula nini. Aligeuza kompyuta mbili za mezani, ile ya kupakata ambayo betri yake ya ndani ilikwisha kufa, na kile kisanduku cha intaneti, akavaa miwani na kusoma vibandiko vyao vya nyuma. Mashine ya kuchapa aliitenga. Inapopasha moto wino wake, alisema, inakula kama mgeni wa harusi, na hakuna mtalii aliyewahi kukosa hema kwa sababu karatasi haikuchapwa. Feni nayo aliitenga, na Elizabeti, aliyekuwa mnene na mwenye kutokwa jasho, akaguna. Kisha alijiuliza ni kwa muda gani umeme wao hupotea kwa kawaida. Aliona kuwa mara nyingi huondoka asubuhi na kurudi mchana, lakini wakati wa masika, nguzo zikilala bondeni, huweza kuchelewa hadi alasiri. Akaamua kujipimia kwa masika.

Alipanda basi la asubuhi kwenda Mikumi. Mji huo umelala kando ya barabara kuu, na malori ya Zambia na Kongo husimama hapo kupumua, kwa hiyo hakuna mahali wilayani penye betri nyingi zaidi. Muuzaji aliyeelekezwa kwake aliitwa Oliver, kijana mchangamfu mwenye mikono iliyoliwa na tindikali. Alimwamkia shikamoo, akampa kigoda, akamwonyesha betri kubwa ya lori, akaipigapiga ubavuni kama mtu anayeuza fahali.

"Hii, mama, inaamsha Scania iliyobeba shaba. Kompyuta tatu kwake ni mchezo."

"Inaamsha," alikubali Devotha. "Na baada ya kuamsha?"

Oliver alimtazama vizuri zaidi, akacheka. Alieleza mwenyewe, bila kubembelezwa, kwamba betri ya lori hutoa nguvu nyingi kwa mara moja kisha hupumzika huku injini ikiirudishia, na kwamba ukiinywesha taratibu kutwa nzima hadi chini, itakufa mapema. Anayetaka kuketi na umeme wake anahitaji aina nyingine, ile ambayo watu huiita betri ya sola. Anazo, ila watu hawazipendi kwa sababu ni nzito na hazina sifa. Waliziangalia pamoja. Devotha alichagua mbili zinazofanana, za umri mmoja, na inveta, kile chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, yenye kioo cha kuonyesha hali ya betri na swichi nyuma yake ya kuchagua mabadiliko ya haraka, ili umeme wa mji ukiondoka ule wa betri uingie kabla kompyuta haijatambua. Oliver aliufunga mzigo kwa kamba, akampakilia mwenyewe kwenye basi la kurudi.

Nyumbani alifanya kazi kwa utulivu. Betri hakuziweka chumbani wala chini ya meza za wasichana. Aliziweka katika kona ya ukumbi wa nyuma, juu ya ubao, mahali penye hewa na ambapo maji ya mvua hayafiki. Alikata nyaya fupi na nene, kwa maana waya mrefu hula njiani, akaweka fyuzi karibu na betri, na alipokuwa akikaza nyaya kwenye vichwa vya betri alivua pete ya ndoa na bangili, akavitia mfukoni. Fundi umeme wa mtaani alikuja kuunganisha upande wa nyumba. Walitoa mstari mmoja tu wa soketi hadi kwenye meza tatu, na soketi moja ya akiba ukumbini, kwa ajili ya majaribio. Soketi hiyo ya akiba ndiyo iliyoleta mambo yote yaliyofuata.

Siku ya kujaribu, Devotha aliwaambia wasichana waendelee kuandika. Alikwenda kwenye swichi kuu, akaishusha. Feni ilisimama. Redio ya jirani iliendelea, kwa hiyo wote walijua kuwa ni nyumba yao tu iliyozimwa. Kwenye meza tatu, vioo vilibaki vinang'aa.

"Imekatika?" aliuliza Elizabeti, akiendelea kuandika.

"Imekatika," alisema Devotha, akarudi jikoni kabla hawajaona uso wake.

Masika yalianza kwa nguvu mwaka huo, na Idi iliangukia katikati yake. Siku ya kuamkia sikukuu, umeme uliondoka mapema asubuhi. Magomeni ni mtaa wenye Waislamu wengi kuliko Wakristo, na siku kama hiyo kila nyumba ina nguo za kunyoosha, vichwa vya kunyoa na simu za kuwapigia ndugu. Habari kwamba kwa Mama Naomi kuna umeme ilifika mwisho wa mtaa kabla mchele wake haujachemka.

Waliokuja kwanza walikuwa na simu, kila mmoja na chaja yake. Devotha alizipanga kwenye soketi ya akiba kwa waya wa kuongezea. Kisha akaja Obed, kinyozi wa kona, na mashine yake ya kunyolea, akaomba kichwa kimoja tu. Nyuma ya kichwa hicho kulikuwa na vingine vimeshika foleni. Devotha hakuweza kumfukuza, maana yeye na mama yake Obed walifundisha pamoja watoto wa shule ya Jumapili. Kisha, mvua ikiwa imepungua, akaja Mzee Abubakari, jirani wa mlango kwa mlango, amekunja kanzu nyeupe mkononi na pasi imening'inia kwa waya wake.

"Mama Naomi," alisema, "nikienda kuswali na makunyanzi haya, watasema nimelala nayo."

Devotha alicheka, akaipokea pasi, akaichomeka kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa inafaa ieleweke mkono huo ulifanya nini. Devotha alipohamia mtaa huo, mgeni asiye na ndugu, aliyesema Kiswahili cha shuleni na kuota ndoto kwa Kisukuma, mwanamke wa kwanza kuvuka kizingiti chake alikuwa mama yake Abubakari, ambaye sasa ni marehemu. Alileta kigae chenye makaa ya moto ili msichana apate kuwasha jiko. Kesho yake Devotha alikwenda mwenyewe kuomba, na kesho kutwa, na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka. Asubuhi mtu huomba moto kwa jirani, na jirani hapimi. Mumewe alipofariki, jiko lake halikuwashwa muda mrefu, na makaa yalikuja bila kuombwa, na uji juu yake. Mkono uliochomeka pasi ile ulikuwa unarudisha kaa.

Inveta ilibadilisha sauti, ikaanza kunguruma. Kanzu ya Mzee Abubakari ilinyooshwa, na ya mwanawe, na za wajukuu. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake alikwenda kuchukua baibui. Sebuleni Naomi alikuwa akijibizana na wakala wa safari aliyetaka kuhamisha kundi zima kutoka juma moja hadi jingine. Aliandika majina nusu. Inveta ilipiga kelele ndefu, na vioo vitatu vikazimika.

Wote waliokuwa ukumbini walisema pole. Walisema kwa moyo, wakachomoa vitu vyao na kwenda zao, na Mzee Abubakari akaondoka na kanzu yake imenyooka upande mmoja zaidi ya mwingine.

Wakala alisubiri hadi alasiri. Hakupotea mgeni safari hii, kwa sababu Naomi alitembea kwenye matope hadi mahali penye mtandao mzuri na kuyataja majina yote kwa simu, moja baada ya jingine. Lakini Bwana Mathayo alijua. Alimtakia Naomi sikukuu njema, akauliza hali ya mama, kisha akasema: "Sitaki tugombane, Naomi. Ila ikitokea tena, usinipigie kunieleza. Nitakuwa nimekwisha kuhamisha."

Naomi hakulia. Aliketi mbele ya kompyuta iliyozimika na kusema kwamba kuanzia sasa mlango wa ukumbi utafungwa kwa kufuli, na kama watu wanaona haya kuambiwa, yeye haoni. Mama yake alimjibu kuwa atafikiri. Akafikiri kwa muda wa sikukuu yote, akiwa na sahani ya pilau iliyotoka kwa Mzee Abubakari mapajani.

Kilichomsumbua ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Mzee Beda alikuwa na haki, na mama yake Abubakari alikuwa na haki. Alijiuliza walitofautiana wapi, na aligeuza swali hilo siku kadhaa, akipika, akifagia, akipima hali ya betri kwenye kioo chake. Jibu lilimjia asubuhi moja alipokuwa akichochea jiko. Alitoa kaa moja kwa koleo, akaliweka pembeni, akautazama moto. Moto haukupungua. Unaweza kuugawia mtaa mzima na chungu chako kikachemka palepale. Umeme wa ukutani nao ni hivyo, au unaonekana hivyo: chaja ya jirani haiizimi taa yako. Kwa hiyo yeye na wote waliokuja waliuona umeme wa betri kuwa ni ndugu wa kaa, kumbe ni ndugu wa maji ya mtungi. Maji yamebebwa kichwani kutoka mahali. Mpita njia hupewa kata anywe, na hakuna aliyewahi kumnyima. Lakini hakuna mpita njia anayekuja na ndoo.

Kwa hiyo lilikuwa kosa lake, si la majirani. Yeye ndiye aliyewaonyesha moto mahali palipokuwa na mtungi.

Alijifunga kanga, akavuka ua. Mzee Abubakari alikuwa barazani pake akitengeneza mpini wa jembe. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa mkeka. Aliuliza habari za wajukuu na za shamba la Zombo, ambalo mvua ilikuwa imelifanyia wema upande mmoja na ubaya upande mwingine. Kisha akasema alilokuja nalo: kwamba umeme ulioko ukumbini kwake hautaweza tena kutumiwa na watu wengine, na kwamba amekuja kumwambia yeye kwanza.

Mzee Abubakari aliendelea kukwangua mpini. Alikwangua muda mrefu.

"Mama yangu," alisema mwishowe, "hakukupimia makaa."

Devotha alikuwa ameitarajia kauli hiyo, na bado ilimwingia. Hakujitetea. Alimwomba mzee achukue pasi yake, waende pamoja.

Ukumbini alimwonyesha kile kioo kidogo cha inveta, chenye vijistari vya kuonyesha kilichobaki ndani ya betri. Alishusha swichi kuu. Wasichana sebuleni waliendelea na kazi, na vijistari havikutikisika. Alichomeka simu yake, havikutikisika. Kisha akamwomba mzee achomeke pasi kwa mkono wake. Inveta ilinguruma. Mzee aliinama, mikono nyuma, akatazama kwa makini ya mtu anayepimiwa dawa. Walisimama hivyo, pasi ikipata moto bila nguo chini yake, hadi kijistari kimoja kilipozimika. Baadaye kikazimika cha pili.

"Ndicho kilichozimika siku ile?" aliuliza.

"Vyote vilizimika siku ile."

"Na kila kimoja ni wageni?"

"Ni wageni, mzee. Kimoja kinaweza kuwa hema la watu."

Mzee Abubakari aliichomoa pasi, akaishika mbali na mwili wake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Devotha akatambua kuwa anacheka.

"Basi nimeswali Idi," alisema, "nimevaa hema la Wazungu."

Naomi, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka sebuleni huku amekunja uso tangu mzee alipoingia, alicheka naye bila kupenda.

Lakini mzee hakuishia kwenye kicheko. Alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni, akasema mtaa hauwezi kukaa bila mahali pa kuchaji, maana watu wamekwisha kuzoea. Ukiziba tu, watasema Mama Naomi amekuwa na ofisi, hajui tena majirani. Devotha alisema ameliwaza hilo, na kwamba anaweza kupata betri ndogo iliyotumika, kwa Oliver, kwa ajili ya simu peke yake. Mzee akasema huko Zombo ana paneli ya sola juu ya kibanda, iliyokuwa ikilisha redio kabla redio haijaibwa, na sasa inawaangazia panya. Ataileta. Na betri hiyo, aliongeza, isikae kwa Mama Naomi. Itakaa barazani kwake yeye.

"Wewe huwezi kumwambia mtu hapana," alisema. "Mimi nina umri wa kusema hapana."

Ikawa hivyo. Oliver alituma betri ndogo pamoja na dereva wa basi, na Devotha akaiunganisha kwa paneli ya Zombo mbele ya kundi la watazamaji, akaweka matundu ya simu tu, yasiyoweza kupokea plagi ya pasi hata mtu akitaka. Soketi ya akiba ya ukumbini aliing'oa, akaziba tundu kwa kibao. Mzee Abubakari aliweka kiti chake karibu na betri yake, na kuanzia hapo aliyetaka kuchaji ilimbidi asikilize habari zote za shamba. Obed alisema ni gharama kubwa kuliko ya umeme.

Masika yalikuwa yakielekea ukingoni ilipotokea siku ambayo wote walikuwa wakiingoja kwa hofu. Upepo uliangusha nguzo bondeni usiku, na asubuhi umeme haukuwepo, na hakuna aliyejua utarudi lini. Asubuhi hiyohiyo yule wakala wa safari aliandika tena: kundi lake kubwa, ambalo Bwana Mathayo alikuwa amelitegemea kwa ajili ya kuanzia msimu, lilikuwa limebadilishiwa ndege, na kila jina lilipaswa kuhamishwa na kuthibitishwa siku hiyo, la sivyo litakwenda mbuga nyingine. Naomi aligawa majina kwa wenzake. Devotha alipunguza mwanga wa vioo vyote, akamwambia Lea azime kompyuta yake kila anapokwenda kuzungumza na simu, kisha akaweka kigoda chake karibu na inveta, akaketi na ungo wa mchele.

Kabla ya adhuhuri mtu alibisha mlango wa ukumbi. Alikuwa Obed. Nyuma yake alisimama kijana mwingine, mpole, aliyejifunika kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Obed. Habari za kazi?"

"Ndiyo hiyo kazi, mama." Alivuta kile kitambaa. Upande mmoja wa kichwa cha kijana ulikuwa umenyolewa vizuri hadi ngozi, na upande wa pili ulikuwa na nywele zote alizokuja nazo. Mashine ya Obed, ambayo alikuwa akiichaji kwa ujanja wake mwenyewe, ilikuwa imekata roho katikati. "Na anakwenda kutoa posa kwao mchumba, sasa hivi. Wazee wake wanamngoja stendi."

Kijana alitazama chini. Sebuleni vibonye viliendelea kulia, na Devotha alijua bila kugeuka kuwa Naomi anasikiliza. Alitazama kioo. Vijistari vilikuwa vimebaki vichache, na majina yalikuwa bado. Alijua pia kuwa mashine ya kunyolea haili kama pasi. Pengine isingezima chochote. Lakini nyuma ya kichwa kimoja huwa kuna vichwa.

"Hapana, mwanangu," alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo mlangoni pale, na alishangaa kuwa lilitoka taratibu, bila ukali. Obed alishangaa pia. Papo hapo Devotha alisimama. Aliingia ndani, akatoka na mkasi wake wa kushonea, kitana, kipande cha sabuni na wembe mpya, akavuta kigoda hadi kwenye mwanga wa mlangoni.

"Keti," alimwambia yule kijana. "Mume wangu sikumpeleka kwa kinyozi hata siku moja."

Alimkata nywele kwa mkasi, Obed akamalizia kwa wembe, akinung'unika kwamba anarudishwa enzi za babu yake. Kutoka barazani kwake Mzee Abubakari alipaza sauti kumwuliza kijana kama amelipia kichwa kizima au nusu. Kijana alicheka kwa mara ya kwanza, akasimama akijipapasa, akakimbilia stendi.

Umeme ulirudi alasiri. Kijistari kimoja kilikuwa bado kimewaka, na Elizabeti alikuwa amekwisha kuandika jina la mwisho, akaweka kichwa mezani akasinzia palepale, jasho likimtoka.

Bwana Mathayo hakupiga simu siku hiyo wala kesho yake. Alipiga kundi lilipofika Mikumi na kulala kila mtu mahali pake. Hakutaja umeme. Alisema amewasiliana na wale watu wa Arusha na kuwaambia wasingoje, kisha akauliza kama Lea na Elizabeti wangekuwa tayari kwa msimu mzima. Naomi alijibu kwa sauti ya kiofisi, akashukuru, akaweka simu mezani, akaenda kumtafuta mama yake ili amwambie.

Jikoni hakuwepo. Jiko lilikuwa limepangwa mkaa bila kuwashwa, na kando yake kilikuwapo kiberiti kilichojaa. Naomi alitoka ukumbini. Ng'ambo ya ua, Mama Naomi alikuwa amesimama mbele ya baraza la Mzee Abubakari, kigae mkononi, akiamkia.